Kabla Hujabeba Begi Kwenda Mbinga

Wadogo zangu, vuteni viti. Leo mazungumzo ni marefu.

Maswali yanayonifikia siku hizi yanakaribiana sana. Kuna mdogo wangu wa Morogoro aliyemaliza stashahada ya kilimo. Yuko nyumbani anasubiri ajira na hataki kukaa bure. Kuna mwalimu wa shule ya msingi huko Dodoma anayetaka kuitumia likizo yake kufundisha mazingira mahali ambako hajawahi kufika. Na kuna binti aliyezaliwa Tanzania akakulia Uingereza, ambaye watu wa kati wamemwomba pesa nyingi ili wamuunganishe na familia ya wakulima. Wote watatu wamelitaja jina moja, Mbinga, na wote wanataka kumalizia Mbamba Bay, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa.

Nawajibu kwa pamoja. Nendeni. Ila nendeni taratibu, na mkifika shikeni jembe kabla ya kushika chaki. Watu mnaokwenda kuwafundisha habari ya kutunza udongo wamekuwa wakiutunza tangu kabla ya shule ya kwanza kujengwa kwao, na msipolijua hilo mtawachosha bure na kurudi mikono mitupu.

Nianze na safari yenyewe, maana wengi wanaiona kama adhabu ya kuvumilia ili wafike. Basi la kutoka Dar es Salaam hupita Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe hadi Songea. Ukishuka Songea umechoka, unatamani kuunganisha gari lolote umalize kipande kilichobaki ukiwa umelala. Usifanye hivyo. Lala Songea, oga, kula vizuri, kesho yake uondoke asubuhi na ukae dirishani. Kutoka hapo hadi Mbinga mjini ni kama kilomita 100 za lami. Utaiacha pembeni Peramiho, ambako wamonaki Wabenediktini walianza kazi mwaka 1898, utapita Kigonsera, na kadiri unavyosonga magharibi ardhi inazidi kuinuka. Baada ya Mbinga barabara inaendelea kilomita 60 na kitu hadi Mbamba Bay, nayo siku hizi ni lami. Hapo ndipo milima inapoporomoka. Unatoka kwenye baridi ya zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, unashuka kona baada ya kona mpaka ziwani, ambako ni chini ya mita 500. Masikio yanaziba, sweta inavuliwa, kahawa inabaki nyuma yako na mihogo na miembe inakupokea.

Somo lote la mazingira la wilaya hizi mbili, Mbinga na Nyasa iliyomegwa kutoka kwake, limo kwenye mteremko huo. Kinachotokea kwenye shamba la juu kinafika kwa mvuvi wa chini. Anayeshuka amelala haoni kitu, halafu kesho anasimama mbele ya watoto kuwaeleza habari za mmomonyoko kutoka kwenye kitabu.

Ukiwa bado juu, tazama mashamba. Utaona mlima mzima una mashimo safu kwa safu, na kingo za mashimo hayo zimepandwa maharage au mahindi. Hiyo ndiyo ngoro ya Wamatengo, wenyeji wa milima hii. Mvua zikikaribia kwisha, kwenye Machi hivi, nyasi hufyekwa na kuachwa zinyauke. Kisha hukusanywa na kulazwa kwa mistari inayokatana mpaka mteremko ujae miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya zile nyasi hadi zifunikwe. Katikati hubaki shimo, na pande zote nne tuta lenye nyasi tumboni. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo, na mvua za msimu unaofuata zikianza, Novemba au Desemba, yanapandwa mahindi. Mvua kubwa ikipiga, maji hayapati njia ya kukimbia. Yanaingia shimoni, yanatulia na kuzama ardhini, na tope yaliyolibeba linabaki humo humo. Zile nyasi zinaoza polepole na kuwa mbolea.

Nimechimba ngoro na mama mmoja wa makamo ya mama yangu mzazi, na nikisema mkajifunze kwanza ninamkumbuka yeye. Mpini wa jembe lake ulikuwa umeng'aa mahali anaposhika. Hakuliinua jembe juu ya kichwa kama tunavyolima sisi wa tambarare. Aliinama, akavuta udongo kwa mapigo mafupi, akaugeuza na kuuangusha juu ya nyasi, kisha akaugonga mara moja kwa mgongo wa jembe. Ukingo wa chini wa kila shimo aliurudia, akaushindilia kwa kisigino. Nikamuuliza kwa nini huo tu. Akaniambia huo ndio unaobeba mzigo wote shimo likijaa. Ukikatika mmoja, maji yanaliangukia shimo la chini yake, nalo linakatika, na kabla ya mvua kwisha mmepata korongo katikati ya shamba. Alisema hayo bila kusimamisha kazi. Mimi nilikuwa na shahada, na hakuna mhadhara ulionieleza jambo hilo kwa ufasaha ule.

Wanaosimulia historia ya Wamatengo husema mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19 yaliwabana milimani, wakawa wengi kwenye ardhi ndogo iliyosimama wima. Iliwalazimu kuilima bila kuimaliza. Familia zilikaa kwenye vipande vya mlima vilivyopakana na vijito huku na huku, ukoo mmoja kipande kimoja, kwa hiyo hata mipaka ya ardhi waliisoma kwa maji. Wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee wao, kwenye sengu, na mambo ya kazi, ardhi na ugomvi yakazungumzwa pale pale. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikwenda kukaa vijijini huko, Kindimba kikiwa kimojawapo, ili kujifunza ngoro inavyofanya kazi. Mdogo wangu wa Morogoro, soma vizuri hapo: maprofesa wa mjini kwenu walikwenda Mbinga kama wanafunzi. Na wewe nenda hivyo hivyo.

Kwa desturi, kufyeka na kupanga nyasi ni kazi ya wanaume. Kuchimba na kupanda ni ya wanawake, na kuchimba ndiko kunakovunja mgongo. Kaka zangu mnaonisoma, mkifika msikimbilie panga mkaliacha jembe. Mkichimba watu watacheka kidogo, akina mama watawatania, halafu watawazoea. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe usingoje kupewa. Liombe siku ya kwanza.

Ukienda kati ya Juni na Agosti hutakuta ngoro zinachimbwa. Utakuta kahawa. Mbinga ni nchi ya arabika, na msimu wa kuchuma ni kazi ya familia nzima. Utafundishwa kuchuma mbivu tu, nyekundu, na kuziacha mbichi kwenye tawi, na mwenye shamba atakukagua kikapu. Kisha kumenya, kuvundika, kuosha, na kuanika kwenye vichanja vya waya, ambako siku nzima mtu anapitisha mikono kuchambua zilizovunjika. Utasikia habari za chulebuni, ugonjwa unaooza matunda yakiwa bado kwenye mti, na za kutu ya majani. Wakulima watakutajia kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kilichoko Ugano, hapo hapo Mbinga. Ukipata nafasi ya kufika, fika, uulize miche inayostahimili magonjwa hayo. Kila mti unaostahimili ugonjwa ni dawa ambayo haikupulizwa shambani na haikuingia mtoni. Hilo ni somo la mazingira analolielewa mkulima, kwa sababu linagusa mfuko wake. Na uliza pia maji ya kuoshea kahawa yanamwagwa wapi. Uliza kwa adabu, ukiwa umeshaosha nao.

Sasa tushuke ziwani.

Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa Afrika, na mahali penye kina kirefu linafika takriban mita 700. Lina mamia ya aina za samaki, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Ukivaa miwani ya kuogelea kando ya mawe makubwa ya Mbamba Bay utawaona wadogo wa bluu na wa njano wakikwangua ukoga kwenye miamba. Lakini wanaoendesha nyumba za pale si hao wa rangi. Ni usipa, dagaa wa Nyasa, wanaovuliwa usiku wa giza kwa taa, na asubuhi akina mama wanawaanika juani. Na kuna mbasa, ambaye ukimtaja mbele ya mzee wa Lituhi au Liuli atanyamaza kwanza, halafu ataanza kusimulia.

Mbasa ndiye ningemfanya mwalimu wa somo zima. Anaishi ziwani, ila mvua zikija anapanda mtoni kwenda kuzaa, kwenye maji yanayotembea juu ya changarawe safi. Mto mkubwa wa upande huu ni Ruhuhu, unaomwagika ziwani Lituhi, na sehemu ya maji yake inatoka kwenye milima ile ile ya Umatengo. Mlima ukilimwa hovyo, bila ngoro, bila nyasi, tope linashuka na kufunika changarawe. Mayai yanakosa hewa. Mvuvi anaona nyavu zinapanda tupu na analaumu kokoro la jirani, ule wavu wa kukokota. Kokoro lina lawama yake, tena kubwa, na kupambana nalo ni kazi ya kila siku ya wanaolinda uvuvi ufukweni. Lakini sehemu ya kesi hiyo iko juu, kilomita nyingi, kwenye shamba ambalo mvuvi hajawahi kuliona.

Mtoto wa Litembo, huko juu milimani, hajamwona mbasa akiwa hai. Mtoto wa Liuli, chini ziwani, hajaona ngoro ikichimbwa. Hapo ndipo msafiri anayekwenda taratibu anapokuwa na kitu cha kumpa mwenyeji: yeye amepita kote kuwili ndani ya mwezi mmoja na anaweza kusimulia alichokiona. Mwalimu wangu wa Dodoma, kama una likizo moja tu, gawanya. Nusu ya kwanza juu, nusu ya pili chini. Na ukiwa juu, waambie watoto waandike barua kwa wenzao wa ziwani: wanapanda nini, kijito chao kinaitwaje, mvua ikinyesha maji yanakuwa na rangi gani. Shuka nazo wewe mwenyewe. Majibu yatapanda na konda wa Costa au mwalimu anayekwenda mjini kwa shughuli za ofisi. Shule mbili zikiandikiana kwa mwaka mzima, umefanya kazi kubwa kuliko kupanda miche 1,000 isiyo na mwenyewe.

Darasani usianze na mabadiliko ya tabianchi duniani. Anza na chupa. Chukua chupa tatu za maji za lita moja na nusu, zilaze, uzikate dirisha ubavuni na kuzijaza udongo wa shamba lao wenyewe. Moja iache wazi. Ya pili tandaza nyasi kavu juu. Ya tatu iwe na majani yanayoota, uliyoyapanda wiki mbili kabla. Ziegemeze, midomo ikitazama chini, na kila mdomo utundikiwe kikombe. Mwite mtoto amwagie kila chupa maji kiasi kile kile, polepole. Kikombe cha kwanza kitajaa chai ya maziwa. Cha pili na cha tatu vitapata maji kidogo zaidi, tena safi zaidi, na yatachelewa kutoka. Usiseme kitu. Waache wasukumane kuchungulia. Atatokea mmoja atakayesema ya pili ni kama ngoro ya bibi, na hapo bibi atakuwa ameingia darasani kama mtaalamu. Ukimwita mwenyewe aje kueleza wiki inayofuata, usishangae akija amevaa kitenge chake cha kanisani.

Ukimaliza hapo, toka nje na uchore ramani chini kwa kijiti. Kwenye milima hii hii ya Umatengo ndiko Mto Ruvuma unakoanzia. Unakwenda mashariki, unakuwa mpaka wetu na Msumbiji, na unaingia Bahari ya Hindi. Maji ya upande wa pili wa mlima yanaingia Ziwa Nyasa, yanatoka kusini kwa Mto Shire huko Malawi, yanaungana na Zambezi, na yenyewe yanaishia Bahari ya Hindi, mbali sana kusini mwa yale ya kwanza. Mvua moja, mlima mmoja, njia mbili. Watoto wa darasa la tano wanaipenda sana ramani hiyo, maana wanajikuta wamesimama mahali inapoanzia.

Kuna jambo linaloniuma, na lazima niliseme. Wengi wetu tuliosoma shule za serikali tulijifunza kwamba jembe ni adhabu. Ukichelewa, kalime. Ukipiga kelele, kamwagilie bustani. Ukishindwa hesabu, kachimbe mashimo ya miti. Kisha wanakuja wageni kutoka mjini wanawaambia watoto wale wale wapende miti! Mkifika shuleni ombeni jambo moja kwa mwalimu mkuu: kazi ya bustani na kitalu isitumike kuadhibu mtoto katika kipindi mtakachokuwapo. Ombeni kwa heshima, ofisini, si mbele ya wanafunzi.

Na mkoa huu wa Ruvuma una ushahidi kwamba shamba na shule vinaweza kukaa pamoja kwa heshima. Miaka ya 1960, kijiji cha Litowa, Songea, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianza kulima na kuishi pamoja kwa hiari yao, na vijiji vingine vikafuata, vikaungana katika Chama cha Maendeleo Ruvuma. Mwingereza Ralph Ibbott alihamia Litowa na mke wake Noreen na watoto wao, akawa mshauri wa kijiji. Aliishi kama wanavijiji walivyoishi. Shule ya Litowa, chini ya mwalimu Suleman Toroka, iliwafundisha watoto kwa kutumia maisha ya kijiji chao, na shamba lilikuwa sehemu ya kuelewa mambo. Mwalimu Nyerere aliifahamu kazi hiyo, na waliochunguza habari zake wanaiona ndani ya Elimu ya Kujitegemea aliyoitoa mwaka 1967. Septemba 1969 chama kile kilivunjwa kwa uamuzi wa viongozi wakuu wa TANU. Nasikitika kila ninapolisoma jambo hilo. Nawasimulia kwa sababu wengi mnadhani kujitolea shambani ni kitu kilicholetwa na wazungu wenye mabegi mgongoni. Ruvuma vijana walikuwa wakifanya hivyo kabla wazazi wenu hawajaoana.

Vilabu vya mazingira vya shuleni navyo si vigeni kwetu. Roots & Shoots, ambayo leo iko nchi nyingi, ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991, pale Dkt. Jane Goodall alipokutana na wanafunzi 12 wa sekondari kwenye baraza ya nyumba yake. Ukikuta shule ina klabu, jiunge nayo kama msaidizi. Usianzishe nyingine yenye jina lako.

Sasa mambo magumu kidogo. Utakuta bustani za mabondeni, kabichi na mboga hadi ukingoni mwa kijito. Wewe umesoma Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, unajua habari ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na ulimi unakuwasha. Uzuie. Kiangazi ile bustani ndiyo ada, ndiyo sare, ndiyo dawa ya mtoto. Mwenye bustani anaijua sheria, ameshaisikia mkutanoni. Anachokosa ni mahali pengine pa kulima penye unyevu. Kaa naye umwagilie. Muulize zamani kijito kilifika wapi mwezi wa Oktoba. Kama kuna njia, kwa mfano kurudisha mstari mmoja nyuma kila mwaka na kupanda matete au miti ya asili ukingoni, itatoka kwake au kwa afisa ugani anayemfahamu. Na kabla hujapeleka mche wowote karibu na maji, uliza ni mti gani. Mikaratusi inakua haraka na inapendeza kwenye picha, lakini inakunywa, na wazee watakuonyesha chemchemi wasizozisahau.

Kuhusu kukaa kwa watu. Ukifika kijijini, nenda kwanza kwa mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji, na barua yako, ujiandikishe. Hiyo ni heshima na ni usalama wako. Shikamoo usizihesabu, toa kila unapokutana na mkubwa, hata kama ni mara tano kwa siku. Usiende mikono mitupu: sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya kula, mchele kidogo. Mpe mama mwenye nyumba, ndani, bila hotuba. Jumapili watu wanakwenda kanisani, Wakatoliki wengi huko juu, Waanglikana wengi Liuli, kwa hiyo usimpangie mtu kazi siku hiyo. Juni na Julai kunapoa hasa, beba sweta nzito na soksi. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Na vifungashio vya biskuti na betri ulizokwenda nazo rudi nazo, maana kijijini hakuna gari la taka. Kitakachobaki kitachomwa au kitaingia kijitoni, na kijito umeshajua kinakwenda wapi.

Usimwahidi mtoto kwamba utamsomesha. Nakusihi. Utakutana na mmoja mwenye akili sana, atakushika moyo, na maneno yatakutoka jioni moja mkiota moto. Yeye atayangoja kwa miaka. Kama una uwezo wa kweli, zungumza na wazazi na mwalimu mkuu ukiwa umeshajipanga, na kile unachokiweza kiandikwe.

Binti yangu wa Uingereza, kuhusu zile pesa. Waulize hao watu wa kati, kwa maandishi, ni kiasi gani kitafika mkononi mwa familia utakayolala kwao na ni kiasi gani kitabaki ofisini. Wakizungukazunguka, achana nao. Kuna parokia, kuna vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa, kuna ofisi za kata, kuna walimu wakuu wanaojibu barua. Njia hiyo ni ndefu, inaweza kuchukua miezi, lakini utaingia kama mgeni wa watu. Na chunguza habari ya kibali mapema kama pasipoti yako si ya Tanzania. Kujitolea ni kazi mbele ya sheria ya uhamiaji, hata kama hulipwi.

Ziwani, dada zangu na kaka zangu, maji yanavutia mno. Waulize wenyeji kwanza. Kuna sehemu zenye mamba, hasa karibu na midomo ya mito, na kuna kichocho kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Ukirudi nyumbani pima. Pepo za mwera zikivuma, hasa kati ya Mei na Agosti, ziwa linachafuka ndani ya saa chache, na mtumbwi si mahali pa kutafutia picha. Ukitaka kusafiri majini, kuna meli ya MV Mbeya II inayounganisha Kyela na bandari za upande wetu. Ulizia ratiba bandarini, kwa sababu hubadilika.

Liuli usiipite. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe kubwa la pale majini, Pomonda, na Agosti 1914 manowari ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia hapo meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann. Kaa na mzee akusimulie mwenyewe pango la jiwe hilo na watu waliojificha humo. Mlipe kwa muda wake kama unavyomlipa mwongoza watalii wa Bagamoyo.

Mtaniuliza basi mwezi gani ni bora. Kama mnataka mikono yenu ijue ngoro, Machi na Aprili, na mkubali matope na mvua. Kama mnataka kahawa, Julai. Mwalimu, angalia kalenda ya shule: likizo yako ni likizo yao pia, kwa hiyo omba ruhusa ya wiki mbili zinazogusa muhula, ama panga kazi na klabu ya watoto wanaobaki kijijini, na barua kwa mwalimu mkuu itangulie miezi miwili.

La mwisho lilitoka kwa mdogo wangu wa Morogoro: je, abebe kamera? Beba. Wiki ya kwanza iache kwenye begi. Baada ya hapo omba ruhusa kwa kila mtu, na kwa mtoto omba kwa mzazi, si kwa mtoto. Mtu akiwa amechafuka kwa kazi muulize kama angependa anawe na kubadilisha nguo kwanza, wengi watapenda. Picha utakazozipata zisafishe Mbinga mjini kabla hujaondoka, uzirudishe kijijini kwa mkono wako, kila mmoja na yake, na yule mama uliyechimba naye mpe mbili, moja ya kubaki nayo na moja ya kumtumia mwanawe aliyeko Dar.